Safu Aliyoificha Erasto

Jumamosi mchana. Upepo wa Dodoma umeamka vibaya. Vumbi limeingia hadi kwenye kibodi za maabara ya kompyuta. Mimi nina hasira, na si ya vumbi.

Ngoja nieleze taratibu.

Klabu yetu ya uwekezaji imeuza zabibu za shamba la shule. Tulikubaliana fedha hiyo inunue hisa za kampuni moja, nasi tupige kura kuichagua. Mimi nilipewa kazi ya kuandaa jedwali kwenye programu ya chati za hisa. Wiki nzima nimekuwa nikipanga safu: bei, mabadiliko yake kwa asilimia kwa mwezi mzima, gawio wanalolipwa wenye hisa, na idadi ya hisa zilizouzwa siku ya karibuni. Hiyo ya mwisho niliiweka karibu kabisa na bei, makusudi. Kwenye soko letu la hisa kuna kampuni zinazokaa siku kadhaa bila hisa hata moja kuuzwa. Halafu mtu mmoja ananunua chache tu, bei inaruka, na asilimia inang'aa kijani kama mahindi ya masika.

Jana kwenye mkutano, Erasto, mwenyekiti wetu, ndiye aliyefungua jedwali ukutani kwa projekta. Safu ya idadi haikuwepo. Asilimia ilikuwa imevutwa mwanzo na kupangwa kutoka juu kwenda chini. Kileleni palikuwa na ile kampuni anayoisifia tangu muhula uanze.

Watu walipiga makofi. Kura zikapigwa. Ikashinda.

Nilimfuata nje.

"Erasto, safu ya idadi iko wapi?"

"Nimeificha. Inachanganya watu."

"Hiyo hisa haina wanunuzi! Tukitaka kuuza tutamuuzia nani?"

"We Neema, acha presha. Kuna namba hata moja niliyodanganya? Nimepanga tu."

Nimepanga tu! Akacheka, akaenda zake kula.

Mama anauza zabibu barabarani pale Ihumwa. Najua ndoo inavyopangwa na wajanja: vichala vizuri juu, vilivyopondeka chini, vimeshaanza kunuka uchachu. Hakuna zabibu ya uongo kwenye ndoo ile. Lakini mteja akifika nyumbani na kuimimina, harufu anaijua. Jana niliisikia harufu ileile darasani.

Kibaya zaidi nimekiona leo. Erasto alihifadhi mpangilio wake juu ya wangu. Ukifungua programu, pale juu pameandikwa "Mpangilio wa Neema".

Jina langu.

Nimeirudisha ile safu. Nikabonyeza kichwa chake ili jedwali lijipange kwa idadi. Kampuni ya Erasto ikashuka, ikashuka, ikatua mwisho kabisa. Sifuri. Nilitamani kufurahi, nikashindwa. Wenzangu walichuma zabibu zile juani, mikono ikanata utomvu na nyuki wakawafuata hadi bwenini, halafu mtu anawachezea hivi?

Nilimkuta Mwalimu Ndahani, mlezi wa klabu, akitoka ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nikamweleza yote. Akasema oda kwa dalali wa hisa itakwenda Jumatatu jioni, kwa hiyo klabu ikutane tena mchana wa siku hiyo na kura irudiwe.

"Ila usiende kumsema mtu. Onyesha jedwali."

Nimerudi maabara. Kishawishi kilikuwepo, sikatai: ningeweza kupanga jedwali ili kampuni ninayoipenda mimi ikae kileleni. Namba zote zingekuwa za kweli.

Nimelipanga kwa alfabeti. Safu zote ziko wazi. Jumatatu sitashika kipanya. Nitaomba kila anayetaka aje mbele abonyeze kichwa cha safu mwenyewe, aone kila kampuni inapanda wapi na kushuka wapi.

Erasto naye nitampa zamu. Sijui atabonyeza safu ipi.