Jina la Jirani Uliloniomba

Likasi, mbele ya Kamatanda

Mama yangu Numbi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nayasalimu magoti yako, maana nisipoyataja yatanuna. Mvua zimeanza huku, na kama zimeanza na huko Kongolo basi najua yanakusumbua. Bado unayakanda kwa mafuta ya mawese ya moto? Na ule mguu wa kushoto, unakubali kukufikisha kanisani?

Na wewe unayesoma kwa sauti, mwanangu Numbi, mwenye jina la kambo yako, bibi yako huyo, salamu zako zipo mbele. Usiruke mistari kuzitafuta. Soma kama ilivyoandikwa, hata pale baba yako anapoonekana mjinga, na pale patakuwapo.

Sisi ni wazima. Mama yako alipata homa mwezi uliopita, ikamlaza siku tatu, sasa ameinuka na amerudia kunigombeza kama kawaida, ndiyo nikajua amepona. Mimi nimekonda kidogo. Kosa ni la kinga yangu, ile baiskeli nyekundu, ambayo sasa nakaa juu yake zaidi kuliko ninavyokaa kwenye kiti.

Mama, nilikwambia kwa simu kwamba tumehama mjini, lakini mtandao ulikatika, na wewe simu unaishika mbali na sikio kana kwamba itakuuma. Sasa acha nieleze vizuri.

Mwenye nyumba alikuja siku moja na uso mpole sana. Alitusifia mboga, akamsifia hata paka, nikajua kuna jambo. Kisha akasema watu wa migodi wanatafuta vyumba kila kona, wanalipa anachotaka bila kubishana, na je, sisi hatuna ndugu mahali pengine? Tulikuwa na chumba kimoja tu, unakikumbuka, kile ambacho ulipokuja kutuona ulilala huku miguu yako ikiwa chini ya meza. Kwa sababu ya chumba hicho ndiyo maana Numbi yuko kwako. Hata hicho kikatushinda.

Ndiyo tukaja huku, kijijini, mbele ya Kamatanda. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, mabati nusu mapya, nusu ya zamani, na ina vyumba vitatu. Vitatu, Mama! Usiku wa kwanza mke wangu alikuwa akiniita kutoka chumba kingine ili tu asikie raha ya kuniita. Nyuma kuna kichuguu kikubwa kuliko nyumba yenyewe, na ameshapanda maboga juu yake kama wafanyavyo watu wa hapa. Mchana yuko shambani na mahindi yake. Umeme hakuna. Simu nachajia kazini.

Kazi ni ile ile, kuchomelea malori kwenye garaji mjini. Saa moja kamili wanafunga mlango, na aliyebaki nje amepoteza siku yake. Kwa hiyo naondoka saa kumi na moja, kukiwa bado na giza, na jioni narudi giza likiwa limeshaingia. Watu wa kijiji hawakuniona sura. Walisikia mnyororo tu ukipita.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Numbi, soma polepole.

Unakumbuka, Mama, siku ile kwenye stesheni, treni ikiwa imechelewa siku mbili na wewe umekalia mfuko wako, mtoto amelala mapajani? Nilikuuliza utamrudisha lini. Hukuniambia nijenge, wala hukuniambia nipate mshahara. Ulisema: "Nitamurudisha siku utaniandikia jina ya jirani moja, mwenye anaweza kumupa bukari kama weye na muke yako hamuko. Moja tu." Nilicheka. Niliona ni kitu chepesi, sahani ya ugali tu. Lakini mjini watu wa uani kwetu walikuwa wanahama kabla sijajua wanaitwaje, na mwaka ukapita, na mwingine, nami sikuwa na jina la kukuandikia. Tulipofika huku nikasema, hapa nitalipata. Halafu wiki ya pili tu nikaharibu kila kitu.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa sita, ukungu umelala juu ya barabara. Mbele yangu naona moto, na wanaume wamekaa chini wamejifunika mablanketi. Nikasema hawa ni watu wa makala, wauza mkaa, wanajipasha moto kabla ya kufunga magunia yao kwenye baiskeli. Nikafurahi kuona watu, kwa kuwa peke yangu barabarani naogopa kidogo, usimwambie mtu. Nikapiga kengele, kling kling kling, nikapaza sauti: "Ba papa, mulilala muzuri?" Nikapita mbio kwenye mteremko. Hakuna aliyeitika. Nikasema moyoni, watu wa kijiji nao wana maringo.

Mama, ulikuwa ni msiba. Kilio kabisa, siku ya pili.

Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo: ukifika penye kilio unashuka baiskeli, unavua kofia, unaisukuma mpaka umepita. Nalijua hilo kuliko jina langu. Lakini macho yangu yamekuwa ya mjini. Yalikuwa yanatafuta turubai, viti vya plastiki, spika za muziki, matawi ya mchikichi yaliyochomekwa kando ya barabara. Hapa hawana hayo. Hapa watu wanalala chini kwenye moto pamoja na mfiwa, basi. Nami nikawapigia kengele.

Jioni nilimkuta mke wangu amekaa mlangoni, ndoo yake tupu. Alikuwa ameenda kisimani, na wanawake wote walinyamaza alipofika. Akangoja zamu yake, zamu haikufika. Mwishowe mmoja alimwambia: "Bwana yako alipita pa kilio na kinga. Alipiga na kengele. Na furaha ile yote, iko nafurahi kifo ya nani?" Aliponieleza hayo alikuwa analia. Akaniuliza: "Njo hapa unataka kuleta mutoto? Akisikia njaa, ataenda kwa nani?"

Niliona aibu, Mama, aibu ya kweli.

Jumapili baada ya misa nilibeba fungu la kuni na unga kidogo, tukaenda. Aliyefiwa ni mwanamke mzima, mwenye umri kama wako, amefiwa na mume wake. Amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, hatazami mtu. Nilipiga magoti. Nikamwambia: "Mama, pardon. Miye njo nilipita na kengele. Sikujua." Shemeji yake ndiye aliyepokea kuni, akawageukia wengine, akasema: "Aah, njo huyu Kengele." Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu kijijini. Hata padri ananiita hivyo.

Nyumbani nikachukua bisibisi, nikaifungua kengele na kuiweka juu ya kabati. Numbi, ndiyo ile ile uliyokuwa ukiipiga ulipokuwa unakaa kwenye chuma cha mbele, mpaka majirani wa mjini wanatutukana.

Hakuna aliyeniambia la kufanya baada ya hapo. Nilijiamulia mwenyewe. Kila asubuhi, nikifika kwenye kichuguu kingine kilicho kabla ya ua wa yule mjane, nilishuka, nikavua kofia, nikasukuma baiskeli mpaka nyumba ya mwisho. Kwenye uzio wake nilisema kwa sauti ndogo, "Mama, jambo," nikaendelea. Si mwendo mfupi, maana kijiji kimejipanga kandokando ya barabara. Mara mbili nilikuta mlango wa garaji umefungwa. Shefu wa garaji aliniuliza kama nimeanza kunywa. Basi nikaanza kuondoka saa kumi na nusu. Mke wangu alisema nitakufa na usingizi barabarani, halafu kijiji kitapata kilio kingine na watu watapita wakipiga kengele. Anapenda kuchokoza huyu.

Jua kali likaja, likaondoka. Mvua za kwanza zikaanza. Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi barabara ilikuwa uji mtupu. Nikashuka kwenye kichuguu kama kawaida. Tope likanifika kwenye vifundo vya miguu, baiskeli inateleza huku, mimi nateleza kule, kofia iko mdomoni kwa kuwa mikono imejaa. Nikasikia mtu anacheka. Mama, nilidhani nimerogwa! Ni yule mjane, amesimama uani na ufagio wake, anacheka mpaka anashika ubavu.

"Weye Kengele," akasema, "unatembea na miguu juu ya nani? Kilio ilitoka zamani!"

Kumbe matanga yaliondolewa tangu mwezi wa nane! Watu walikuja, walinyoa nywele, walikunywa munkoyo, wakaenda zao. Mimi nilikuwa kazini siku hiyo, na kwa kuwa naondoka gizani na kurudi gizani, na watu walikuwa bado wanamkwepa mke wangu kidogo, hakuna aliyetuambia. Wiki na wiki nimesukuma baiskeli mbele ya nyumba isiyo na msiba tena, kama mtu aliyepotewa na akili.

Nikamuuliza: "Mama, uliniona siku zote, juu ya nini haukusema?"

Akaacha kucheka. Akaegemea ufagio. Akasema: "Bwana yangu njo alikuwa ananilamusha asubui. Akikufa, nikakuwa nalala tu, sioni sababu ya kutoka mu nyumba. Kiisha nikaanza kusikia miguu yako. Muntu anashuka, anasema mama jambo, anaenda. Nikakuwa nalamuka mbele ufike, nikungoje. Ningekuambia panda, ungepita mbio. Njo vile nikanyamaza."

Nilisimama pale kwenye tope, kofia nimeitia kwapani, na machozi yakanitoka. Numbi, usicheke. Wanaume wanalia, tena asubuhi kabla ya kazi.

Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja, yuko Kongolo kwa kambo yake. "Juu ya nini iko mbali vile?" Nikamweleza yale maneno yako ya stesheni, yote, na jirani uliyemtaka. Alitikisa kichwa kukubali. Akasema, "Mama yako iko na akili." Kisha akafungua uzio, akatoka barabarani na miguu yake mitupu, akashika baiskeli upande wa nyuma, akaisukuma pamoja nami mpaka tukatoka kwenye tope. Pale akaniambia: "Unaniita mama, mama, na haujaniuliza jina yangu. Sasa utaandika nini ku barua?"

Siku hiyo nilikuta mlango wa garaji umefungwa. Sikujali hata kidogo. Nilirudi nyumbani, nikamkuta mke wangu kisimani na wanawake wengine, na ndoo yake ilikuwa ya tatu kwenye mstari.

Kutoka siku hiyo mjane huyu anakuja kwetu. Amemfundisha mke wangu kupika uyoga wa huku, na anadai kwamba mahindi yetu yamesongamana mno. Ametazama chumba cha tatu, akasema dirisha ni dogo kwa mtoto. Amenikataza kabisa kupita kimya. Kengele imerudi mahali pake, nami naipiga kila asubuhi mbele ya uzio wake, mara mbili, naye anaitika kutoka ndani: "Nimelamuka!"

Mama, sijasahau ninachokuomba. Numbi ndiye macho yako ya kusomea, ndiye anayekukanda magoti, ndiye anayebeba jina lako nyumba nzima. Nikimchukua, nyumba yako itanyamaza, na sitaki nawe uwe mtu wa kulala tu asubuhi. Kwa hiyo usimpakie kwenye treni peke yake na mtu wa safari. Mlete mwenyewe, ukae mpaka mahindi yakomae. Ukiona nyumba yetu inakupendeza, vyumba ni vitatu. Usipoipenda, nitakurudisha hadi Kongolo mimi mwenyewe, bila kunung'unika sana.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie wavu wake wa samaki niliouharibu nitaulipia maneno mazuri tukikutana. Msalimie shangazi muuza mihogo, na yule mwalimu wa Numbi aliyemfundisha kusoma maandishi yangu mabaya. Pale kwenye kaburi la tata, baba yetu, mwambie kijana wake ameshuka baiskeli.

Mke wangu anakukumbatia. Anasema uje na mbegu za mboga ya lengalenga, za huku ni chungu.

Sasa, Numbi mwanangu, sogea karibu na sikio la kulia la kambo, lile linalosikia. Mstari huu usome mara mbili. Jirani anaitwa Mama Kalumba, na ameshakuuliza unakula bukari ya mahindi au ya mihogo.

Mtoto wako, na baba wa msomaji wako,

Banza, ambaye huku wanamwita Kengele