Aliyelifuma Zulia Lako

Azrou,
14 Februari.

Mpendwa mwanangu Ider,

Pokea salamu za shangazi yako. Kifua kimekuachia? Mkeo Saskia naye hajambo? Huku theluji imetufunika tangu wiki jana na magoti hayanipi usingizi, lakini kuni zipo, tunamshukuru Mungu.

Picha ya zulia ukutani mwenu imefika. Unasema mwenye duka kule Fes aliapa kwamba lina miaka themanini, na mwanamke aliyelifuma alikwisha kufa zamani. Ukalipa dirhamu elfu nane, ukaona umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Nimelia, Ider. Tazama kona ya juu, penye buluu. Rangi nyekundu iliniishia mwaka aliofariki mume wangu, nikafumua sweta yake ya buluu, nikamalizia nayo. Zulia hilo nililiuza mwaka juzi, soko la Jumanne, kwa dirhamu mia tisa. Mchuuzi alinipunja nikijua, maana nyumbani hapakuwa na unga.

Na aliyenibebea begani hadi sokoni ni mwanangu Moha, binamu yako, huyo huyo aliyekupeleka dukani.

Nilimwita nikamuuliza. Hakukana.

"Mama, anayeleta mgeni ana fungu lake, ndiyo desturi. Nisipokula mimi, atakula mwingine."

"Ider ni mgeni?"

"Ana mshahara wa Ulaya huyo, wala hasikii kitu."

Alipewa elfu mbili. Sasa najua jiko jipya la kuni aliloniletea lilitoka wapi. Nalikoka kila asubuhi kwa hasira, na naota moto wake.

Nawe una kosa lako. Kaka yangu alikulea ukijua kwamba mtu habishani bei mbele ya nduguye, na kwamba ukishainywa chai ya mtu hutoki mikono mitupu. Haya hiyo ni ya nyumbani, si ya dukani. Uliza bei kabla hujaketi. Wakitaja elfu nane, taja elfu moja, kisha simama uende zako. Kama bei ni ya uongo watakufuata hadi barabarani. Pesa badilisha benki, uzihesabu ukiwa bado dirishani. Na anayekuonyesha njia, hata awe na macho ya baba yako, mwache nje ya mlango. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Umeandika kwamba wenzako sita wa kazini wanakuja Aprili, na Moha ndiye atakayewapokea. Usiwape namba yake. Ameshaanza kuzitumia pesa zao kabla hawajapanda ndege. Atajua ni mimi niliyemnyima, na huenda asinisemeshe hadi Idi. Basi asinisemeshe. Walete Azrou, waketi nami penye mtambo wangu wa kufumia, tupatane bei ana kwa ana.

Zulia usilitoe ukutani. Ila wageni wakikuuliza habari za mfumaji, usiwaambie amekufa.

Nisalimie mama yako Tuda na wadogo zako wote. Mungu akufungulie njia, na mfuko akufungie.

Shangazi yako akupendaye, aliye hai,
Itto