Kwa Dada Mwaja, Uliyerudia Kila Jibu

Mpendwa dada Mwaja,

Shikamoo. Kwenye simu, ukisikia tu neno mtihani, unaniuliza kama mvua imenyesha Dodoma. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu, nione utanikwepaje.

Leo mchana upepo umeingiza vumbi darasani, likatulia juu ya madawati, nami nikajikuta nimerudi uani kwetu Chang'ombe. Tumekaa mkekani, mimi na wewe, tunachambua karanga za Mama za kupeleka sokoni Majengo. Jua limelegea, karanga zinateleza vidoleni, hakuna mwenye haraka. Tukisema tumemaliza, Mama hata haangalii ungo. Anasema tu, "Rudia." Na kweli, tukirudia, mbovu moja ilikuwa imejificha humo.

Mimi nilinuna. Wewe ulipenda, ukaupeleka mtindo huo kwenye hesabu: ukipata jibu, unalirudisha kwa njia nyingine mpaka kwenye swali. Nilikuwa nasinzia nikikutazama, penseli yako ikienda na kurudi, na roho yangu ilitulia.

Ndipo ukaja mtihani wa kuingia chuo. Maswali ya kuchagua, saa ukutani. Mimi nilikimbia nayo. Yaliyonishinda niliweka alama popote, nikamwachia Mungu. Wewe ulirudia kila moja. Karatasi zilipokusanywa, hukuwa umefika hata nusu. Jioni tuliyapitia maswali nyumbani, na katika uliyojibu hukukosea hata moja. Nikachukuliwa mimi, ukaachwa wewe. Ukafunga begi ukaenda Kondoa kwa shangazi, na hesabu hujazigusa tena. Iliniuma, dada, na bado inaniuma.

Sasa nafundisha hesabu chuo kilekile, na juzi tulikaa kikao: mtihani ule ufutwe au ubaki? Mwenzangu mmoja alisema ufutwe, matokeo ya kidato cha sita yanatosha. Unakumbuka mwalimu wetu wa hesabu alivyohama na hakuletwa mwingine? Kwa matokeo yetu yale nani angenichukua? Mtihani haukuniuliza nimesoma wapi wala mimi ni mtoto wa nani. Ulinifungulia mlango, na mlango huohuo ukakufungia wewe. Nimeishi na mambo hayo mawili kifuani, na sijaweza kulitupa hata moja.

Basi nikasimama. Nikasema mtihani ubaki, ila haraka iondoke: watu wapewe siku nzima, waandike njia waliyopita, nasi tuisome. Wakauliza kazi hiyo ya kusahihisha ataifanya nani. Nikawasimulia habari zako. Mwenyekiti akasema, "Tujaribu mwaka huu. Utasahihisha wewe."

Karatasi yako ataisahihisha mwingine, nimeshawaambia. Sitaki mtu aseme umebebwa.

Ndiyo, yako. Umri hawaulizi. Njoo ulale kwangu Nkuhungu. Asubuhi nitakupikia uji wa uwele, nikusindikize mpaka mlangoni. Kaa karibu na dirisha, upepo ukupate. Fanya taratibu, hakuna atakayekunyang'anya karatasi.

Ukimaliza, rudia.

Mdogo wako wa mkeka mmoja