Treni ya makaa, meli nyeupe, na ahadi niliyompa Mama

Jumapili, Doornfontein, Johannesburg. Baridi kavu ya Julai, midomo imepasuka, na hita yangu inapasha miguu peke yake. Nimerudi kutoka Uholanzi tangu Alhamisi lakini kichwa bado kiko huko. Niandike kabla kazi ya saluni haijanimeza tena.

Kwanza nikiri kosa.

Sisi tumezaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Kaka yetu Heri alipanda boti iliyojaa kupita kiasi kwenda Kalemie, na haikufika. Baada ya matanga Mama alituita sisi wawili tuliobaki, mimi na dada yangu mkubwa Neema, akatuapisha kwamba hatutakanyaga chombo chochote cha majini maadamu yeye yu hai. Nimeitunza ahadi hiyo miaka kumi na tisa. Hata kuja Johannesburg nililizunguka ziwa kwa mabasi, makalio yakafa ganzi, na nikajisifu.

Yaya Neema, kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, siku hizi anaishi Hoorn, mji mdogo wa Uholanzi, na ndiye aliyenialika. Siku ya nne akanikatia tiketi ya matembezi ya kutwa. Akaniambia ni treni ya zamani. Hakusema zaidi.

Treni yenyewe, jamani. Inaendeshwa kwa makaa ya mawe, mabehewa ya mbao, viti vya mbao, kondakta mwenye kofia na mkoba wa ngozi akitoboa tiketi moja moja. Wafanyakazi karibu wote ni wastaafu wanaojitolea tu. Mzee mmoja mwenye umri wa babu yangu, uso mweusi kwa masizi kunishinda mimi, anachochea moto huku anapiga mluzi. Kwenye vivuko vidogo vya barabara mtu anashuka na bendera nyekundu, na magari yanangoja bila kupiga honi. Mimi ninayetoka kwenye jiji ambalo teksi haziheshimu hata robot, yaani taa za barabarani, nilibaki mdomo wazi.

Nje, nchi imenyooka kama meza. Mitaro iliyojaa maji, ng'ombe wanene, mashamba ya kabichi hadi macho yanapoishia. Nilifungua dirisha, moshi ukaingia kwenye rasta zangu mpya, wala sikujali. Nilikuwa nacheka kama mtoto.

Reli ikaishia Medemblik, bandarini. Mbele yetu palikuwa na meli nyeupe. Kumbe tiketi ni moja: unaenda kwa treni, unaendelea kwa meli.

Miguu ilikataa.

Nilisimama chini ya ngazi, watu wakinipita kwa adabu, bibi mmoja na baiskeli yake. Nikamwambia Yaya nitarudi kwa basi. Ndipo akasema, akiangalia viatu vyake, "Mimi napandaka kila mwaka. Mama hajui."

Hasira niliyoisikia siwezi kuieleza. Miaka yote hiyo mimi nazunguka, yeye anapunga upepo! Nilimfuata ngazini nikimfokea kwa Kiswahili chetu chote, na nilipomaliza kufoka meli ilikuwa imeshaondoka nasi.

Ndivyo nilivyopanda. Sikupanda kwa ujasiri.

Nilishika chuma cha pembeni mpaka vidole vikauma. Kila nilipofumba macho nilimwona Heri, basi nikayafumbua. Na hapo nikaona kitu ambacho hadi leo sijamaliza kukifikiria: nchi iko chini kuliko maji. Nyuma ya tuta refu nilikuwa naona mapaa ya nyumba tu. Yaya akanieleza kwamba pale palikuwa bahari. Watu wakajenga ukuta, bahari ikabaki nje, ndani pakawa ziwa. Watu wanalala kule chini, watoto wanasoma, ng'ombe wanatafuna, na maji yote yale yamekaa juu yao. Wanayaogopa pia, alisema Yaya, ndiyo maana wanayachunga kila siku. Safari ilizidi saa nzima, na sijui ni wakati gani hofu ilinitoka nikabaki na mshangao tu.

Tulishuka Enkhuizen salama. Niliinama nikaigusa ardhi kwa kiganja, na mtu mmoja akaja kunisaidia kutafuta nilichoangusha.

Leo baada ya kanisa nilimpigia Mama. Yaya alikuwa amenisihi nisiseme. Nilisema, lakini langu tu, lake nikaliacha. Kwa mbali kwenye simu nikawa nasikia mtu anatwanga.

"Ulifika?" akauliza.

"Nilifika, Mama."

"Na Neema?"

Sikuwa nimemtaja Neema hata kidogo. "Tulifika wote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa laana. Hakugomba. Aliuliza kama meli ilijaa, kama nahodha alikuwa mtu mzima, kama tulipata chakula. Kisha akasema polepole, kama anayezungumza na mtu mwingine aliyekaa naye pale, "Kumbe watu wanafikaka."

Nimekaa kitandani na maneno hayo tangu mchana. Miaka yote hii nilijua kwamba Mama ananilinda na maji. Sikuwahi kujiuliza ni nani anayemlinda yeye aliyebaki Uvira, anayefungua mlango wake kila asubuhi na kuyakuta maji yale yale.