Kilo Thelathini za Watu

Jumapili. Jua la leo limetoka na hasira, na mie vilevile.

Nimetoka Goba kwa dada yangu Rukia. Miguu ilirudi na vumbi mpaka magotini, maana kule kila nyumba iko mlimani na kila mlima haujui lami. Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, uani kwangu Vingunguti, naandika kwa kidole kimoja. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo herufi zikikaa vibaya zinyoosheni wenyewe.

Ishu ni safari yangu ya Dubai.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mie nauza supu ya makongoro hapa jirani na machinjio. Miaka ishirini na mbili naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nababua kwato, nazikwangua, nawasha kuni. Siku ya Idi najifukiza ubani mpaka macho yanatoa machozi, na bado nikipita watu wananiuliza chapati ziko wapi.

Mwaka juzi mteja mmoja alinionyesha kwenye simu yake hoteli ya huko Dubai. Chumba kiko juu ambako hata kunguru hafiki. Ndani kuna bafu la kulala, jeupe, limebandikwa kwenye dirisha, unaoga huku unauangalia mji mzima chini yako. Supu ya watu ilipoa mkononi mwangu. Nikasema hapo nitalala mie. Siku nne. Siwashi moto, sikwangui kitu, nakula nilicholetewa kitandani, na nikishiba naacha.

Nikawa naweka kidogokidogo, kimyakimya. Wiki iliyopita nikaenda Mikocheni kwa binti mmoja anayekatia watu tiketi. Ana adabu zake, kaniamkia shikamoo vizuri, kisha akanifungulia hoteli za karibu na soko.

"Mama, wenzio wote wanaofuata mzigo wanafikia hapa. Wewe unafuata mzigo gani?"

"Sifuati mzigo. Naenda kuoga."

Akacheka, alidhani namtania. Nikamwonyesha picha. Akaacha kucheka, akaandika.

Kosa lilikuja baada ya hapo, na ni langu, simsingizii mtu. Kwa furaha nikapiga picha ile tiketi nikaitupa kwenye grupu la ukoo, na chini yake nikaandika kwa mbwembwe: "Kilo thelathini za begi nimepewa, nyie kaeni na wivu wenu."

Mtu wa Dar ukimwambia una kilo thelathini za kutoka Dubai, hasikii kwamba unaenda kupumzika. Anasikia lori.

Kufika jioni kilo zangu zote zilikuwa na wenyewe. Blenda. Mapazia ya sebuleni. Shemeji anataka bampa la mbele la gari lake, eti nilivishe dera nipite nalo kama mgonjwa. Baba mdogo kaagiza maji ya zamzam. Nikamwambia baba, Dubai sio Makka. Akasema kwani si Uarabuni hukohuko? Mie nacheka tu, natuma vikatuni. Nilidhani ni utani.

Leo ndio nimejua sio utani.

Dada aliniita chakula cha mchana. Kufika, nakuta mkeka umetandikwa, watu saba wamekaa, katikati kuna karatasi. Kikao! Kilo zangu zinagawanywa na mwenyewe bado navua viatu. Dada anamuoza binti yake mwezi ujao, kwa hiyo kajichukulia kilo ishirini za madera ya sare. Na mie nikapewa maamuzi ya kikao: nihamie hoteli ya karibu na soko, maana huko juu kwenye bafu nitapandishaje mizigo?

Nikasema sihami.

"Zaituni, bafu?" dada akaniangalia kama nimesema matusi. "Wenzio wanavuka bahari kutafuta, wewe unavuka kwenda kujimwagia maji? Ndoo imekukosea nini?"

"Haijanikosea, dada. Na yenyewe imechoka, naipa likizo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ukirudi bila sare, harusini usije."

Hapo utani ukaniishia.

Acha nikiri. Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mie nilikuwa mdogo hata kanga sijui kufunga, yeye akanibeba mgongoni huku anauza maandazi mtaani. Mbele yake sijawahi kuwa na kauli. Akiniita, mpaka naitika nimeshasimama. Nimeshuka vile vilima moyo unaniambia mpe tu. Kwani kilo ni nini? Kwani siku nne ni nini?

Lakini najua itakavyokuwa. Siku ya kwanza mapazia. Siku ya pili sare, rangi haifanani na ya kwenye picha, naanza kutumiwa voisi za dakika tano. Siku ya tatu natembeza bampa. Siku ya nne nimelikalia begi ili lifunge. Narudi na mgongo uleule, harufu ileile, na picha ya bafu ambalo halijaguswa na tone la maji.

Hapana.

Nilivyofika tu hapa uani nikampigia yule binti wa Mikocheni, nikamwambia futa begi. Akasema, "Mama, begi lako limeshalipiwa, hiyo hela hairudi." Nikamwambia isirudi. Hata mume hakurudi na nikaishi.

Kisha nikaandika kwenye grupu: "Ndugu zangu, begi nimelifuta. Naenda na mkoba wa mkononi: kanga mbili, dera moja, ndala. Nitarudi na hivyohivyo, labda ndala moja nitaisahau kwa raha. Sare zipo Kariakoo, na Kariakoo haijahama. Harusini nakuja hata nikifukuzwa, maana hayo makongoro ya asubuhi yake atayapika nani?"

Wote wamesoma. Shemeji akajitoa. Akarudishwa. Akajitoa tena.

Nikasali Alasiri, na bado nipo kwenye mswala, simu ikaita. Dada Rukia. Nikajua leo napewa radhi ya kinyumenyume.

"Zai."

"Abee dada. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo bafu..." Nasikia kuku wake wanagombana huko nyuma. "Maji yake yanatoka ya moto yenyewe, au kuna mtu anachemsha?"

"Yenyewe, dada. Unafungua tu."

"Yenyewe. Na humo chumbani wanaruhusu watu wangapi?"

Kabla sijajibu, akakata.

Nimekaa hapa kwenye ndoo naiangalia simu. Huyu mtu kaanza maandazi kabla sijaota meno ya pili. Nani aliwahi kumchemshia maji? Mie mwenyewe sikumbuki. Pasipoti anayo, ya ile Umra aliyopelekwa na wanawe, na nasikia hata huko alikuwa anawapikia wenzake.

Sijampigia. Nimemwacha aumie kidogo, na mie binadamu.

Kesho nikimaliza supu naenda Mikocheni kuulizia kiti cha pili, halafu napanda Goba kumpa sharti kwa mdomo wangu: mkoba wa mkononi tu, na ile karatasi ya kikao anipe nikawashie kuni. Akikataa, nakwenda peke yangu na bafu nalijaza mpaka juu.

Akikubali, mie ndio naoga kwanza.