Waigizaji Watatu Tu

Mirdif, Dubai
6 Februari 2015

Dada Marietha,

Shikamoo. Hamjambo huko Muleba? Mimi mzima, ila nimechoka. Mama hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo msomee ujumbe huu taratibu, kisha umwandikie majibu yake kama kawaida.

Shule ninayofanyia usafi inaandaa igizo la Wagiriki wa kale. Sir Lawrence, mwalimu wa maigizo, amenitwika kazi ya nyuma ya jukwaa. Nikimaliza kupiga deki nasukuma meza yenye magurudumu. Kwenye michezo yao mtu hauawi mbele ya watazamaji. Anafia ndani, halafu mlango unafunguliwa na maiti inatolewa juu ya meza. Maiti yetu ni mwanafunzi mnene anayecheka njia nzima. "Yalla Gervas, slowly!" yaani haya twende, polepole, ndiyo salamu yangu siku hizi.

Nina likizo Aprili. Muulize Mama, nije au nimalize mkataba? Akisema neno nitatulia.

Mdogo wako,
Gervas

Muleba
21 Februari 2015

Mwanangu Gervas,

Habari za kazi? Mimi sijambo, ni miguu tu. Usije. Ukiondoka katikati huenda wasikurudishe. Maliza mkataba, mimi nipo. Migomba imezaa vizuri. Kula, na usiache kusali.

Mama yako

Mirdif
14 Machi 2015

Mama na Dada,

Shikamooni. Mnaendeleaje? Mimi mgongo unauma, lakini naamka. Likizo nimeifuta. Nimemwambia supavaiza khalas, basi, nabaki.

Juzi nilimuuliza sir Lawrence mbona mfalme na mjumbe wa igizo letu hawakutani hata mara moja. Akasema Wagiriki walikuwa na waigizaji watatu tu, wote wanaume, hata kwenye nafasi za wake na mama za watu. Mtu mmoja anaigiza wawili au watatu kwa kubadili kinyago na sauti. Kwa hiyo hao wawili hawawezi kusimama pamoja. Mmoja lazima atoke ndipo mwingine aingie.

Dada, tangu siku hiyo sina raha. Zamani Mama akikutuma uandike, ulikuwa unachomekea yako katikati: "Usimsikilize, jana hakula." Naye anagomba, anakuambia andika nilivyosema. Tangu Novemba barua ni ya Mama tupu au ni yako tupu. Nimezisoma zote upya.

Naomba barua moja yenu nyote wawili. Bishaneni humo humo kama mlivyozoea.

Gervas wenu

Muleba
20 Machi 2015

Gervas,

Hatujambo, nawe vipi mgongo? Mama yupo hapa pembeni yangu. Anasema usiwe na wasiwasi, na mimi nasema hivyo hivyo. Anasema umefanya vizuri kufuta likizo. Kweli umefanya vizuri. Anasema sali sana, nami nakuambia sali.

Tunakupenda.

Mama na Dada

Mirdif
22 Machi 2015

Dada,

Shikamoo. Umejitahidi. Lakini mama yetu hajawahi kukubaliana nawe hata juu ya chumvi ya maharage, sembuse mambo matatu kwa mpigo.

Nimekasirika, Dada. Nimefuta likizo kwa neno la mtu ambaye hayupo. Labda yeye mwenyewe alikukataza usiniambie, nisije nikaacha kazi. Hilo lingekuwa lake kabisa, na sikulaumu kwa kumtii. Lakini hata hao Wagiriki, wanaomficha mfu nyuma ya mlango, hawawaachi watu hivi hivi. Mtu anatoka anasema: amekufa, alikufa namna hii, neno lake la mwisho lilikuwa hili. Jukwaa zima linasimama kumsikiliza huyo.

Igizo ni leo jioni, na sina wa kunishikia zamu. Nikitoka nitafungua simu. Niandikie wewe, kwa jina lako peke yako. Alikufa lini, na nani alikuwa amemshika mkono?

Mdogo wako,
Gervas