Saa Iliyokusema

Mume wangu, Baba Sada,

Huko uliko naamini hakuna anayekuuliza ni saa ngapi. Huku wameanza kuniuliza mimi. Kesho natoka eda, na mwenyekiti wa kijiji ametuma mtu, kwa adabu zote, kuuliza kama saa yako inaweza kutolewa ili mwalimu mgeni aitumie kupigia chuma. Sijamjibu. Nimeona nizungumze na wewe kwanza, maana saa ile tuliichagua wawili.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji hiki cha Ujamaa, na mkutano ukakuchagua wewe mwalimu uwe mpiga chuma, cha shule na cha shamba la pamoja. Kipande cha reli kilikwisha kutundikwa, saa ndiyo hakuna. Tukapanda treni Tura mpaka Tabora mjini, mimi na kanga mpya, utadhani naolewa tena. Mwenye duka, yule mzee wa Kihindi mwenye miwani, hakutoa hata saa moja kabatini. Alikuuliza kwanza, "Mwalimu, unafanya kazi gani na gani? Saa ya harusini haiendi shamba."

Jicho langu lilikuwa kwenye ile nyembamba ya rangi ya dhahabu. Akasema hiyo ni ya kupigia picha, vumbi la kwetu litaiua. Mkanda wa ngozi nao akaukataa, utaoza kwa jasho. Akaweka mbele yetu saa mbili nzito za mkanda wa chuma. Moja ilikuwa ya kutia ufunguo kila asubuhi, na hapo nikaingilia.

"Huyu atasahau. Kofia yake mwenyewe huisahau msikitini."

Mzee akacheka, akaisogeza ya pili. "Basi chukua otomatiki. Hii haitaki ufunguo, inataka mkono. Mkono ukicheza, inakwenda. Mkono ukilala, nayo inalala."

"Mkono wake haujui kulala," nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Wewe hukuweza kuomba chumvi bila kupunga mikono yote miwili. Ukanikanyaga mguu chini ya meza, lakini saa ukainunua.

Miaka ile yote haikusimama hata mara moja. Ikaja kusimama masika haya ya mwisho. Unaamka, unaikuta imelala, unairekebisha kwa honi ya treni, na treni yenyewe hujui imechelewea wapi. Chuma kikawa kinalia jua limeshapanda. Watu wakakutania, "Mwalimu, kwako alfajiri inaingia saa ngapi?" Mwenyekiti yeye hakutania. Alikusema mkutanoni kwamba unazembea. Nilikasirika kwa niaba yako. Nikamlaani mzee wa watu kwamba alituuzia saa mbovu.

Fundi saa wa Ng'ambo, kule Tabora mjini, akaifungua, akasema haina kitu. Ukasema fundi hajui kazi. Ukairudisha, akaifungua tena, akasema vilevile. Mara hiyo nilikwenda kuichukua mimi. Nikaivaa nisije nikaipoteza kwenye treni, na nilipofika nyumbani nikasahau kuivua. Nimetwanga nayo, nimechota maji nayo, nimepalilia karanga nayo. Haikusimama. Nikakurudishia nimefurahi. Siku mbili tu, ikalala.

Ndipo nikauangalia mkono wako. Ulikuwa unafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na ule wa saa umeuweka pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Nikauliza. Ukasema, "Ganzi tu, Mama Sada. Nimeulalia."

Uliulalia masika yote, Baba Sada? Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe saa ilikiwahi kifo. Tulipokufikisha hospitali, daktari alisema ugonjwa haukuwa mkononi, ulikuwa kichwani, na ulikuwa umekaa sana. Karanga ulizopanda tumezivuna bila wewe.

Ganzi niliidhani ni neno la mkono na mguu. Sasa nalijua vizuri zaidi. Siku ya maziko watu walilia mpaka sauti zikakauka, mimi nikawa nawahesabia vikombe vya chai. Mama yako ananiambia, "Lia, mwanangu, usijifungie." Naitika "naam, mama," na hakuna kinachotoka. Sada akinikumbatia naona mikono yake, siisikii. Chai nainywa, sukari sijui kama imo. Sisikii uchungu, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nawe nimekukasirikia, lakini hata hasira yenyewe haina moto. Ungesema tu, asubuhi moja, "Mke wangu, mkono unakufa." Ningekubeba mgongoni mpaka Tabora.

Jioni hii nimeitoa saa kwenye mkebe wa majani ya chai ilikolala tangu walipokuvua. Nikaitikisa kidogo. Ikaanza, kama vile hakuna kilichotokea.

Nimeshaamua. Mwenyekiti nitamwambia saa haitoki, ila chuma kitapigwa. Nitakipiga mimi, saa nimeivaa mkononi, mpaka huyo mwalimu mgeni apate ya kwake. Kama ningekuogopa wewe nisingefanya, ungesema mwanamke aliyetoka eda jana anatafuta nini kwenye reli. Natafuta wa kunisema. Saa hii haina siri, ilikusema wewe, itanisema na mimi. Siku chuma kitakapochelewa, kijiji kizima kitajua kwamba Mama Sada amekaa tu, na mtu atakuja kubisha hodi. Mimi sitamwambia nimeulalia.

Lala, mume wangu. Mkono wako sasa una ruhusa.

Mkeo,
Mama Sada